Dredi na Matunzo Yake: Kazi ya Muda na Kiasi

Dredi ni mafungu ya nywele ambayo nyuzi zake zimesokotana na kushikana kwa ndani, kiasi kwamba chanuo haliwezi tena kupita kati yake, na ambayo huendelea kukaza na kurefuka kadiri miaka inavyopita. Mtindo huu, ambao zamani katika miji ya Afrika Mashariki ulihusishwa zaidi na wanamuziki wa rege na wafuasi wa imani ya Rastafari, siku hizi huonekana kwa wahadhiri, wahasibu, mafundi, madereva wa bodaboda na akina mama wa makamo, na wasusi wanaojishughulisha na dredi pekee wamekuwa jambo la kawaida Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Arusha. Hata hivyo, maarifa kuhusu namna nywele hizi zinavyojengeka na zinavyopaswa kutunzwa hayajaenea kwa kasi hiyo hiyo, na upungufu huo umezaa makosa ya aina mbili: wapo wanaoamini kwamba dredi ni nywele zilizotelekezwa na zisizooshwa, na wapo wanaozifuga kwa mapenzi makubwa huku wakiziumiza kwa kuzisokota, kuzipaka na kuzivuta kupita kiasi.

Kabla ya kuendelea, ni vyema maneno yakawekwa sawa. Katika saluni nyingi za Tanzania, neno rasta hutumika kwa nyuzi za nywele bandia zinazosukwa pamoja na nywele za kichwani na kufumuliwa baada ya wiki kadhaa, ilhali mitaani neno hilo hilo humtaja mtu mwenye dredi, awe muumini wa Rastafari au asiwe. Katika makala haya, dredi ni nywele zilizofungamana zenyewe, na Rasta ni mfuasi wa imani ya Rastafari. Tofauti hiyo ina uzito katika matunzo, kwa sababu nywele za kusukwa hufumuliwa na kupumzishwa, ilhali dredi hubeba kwa miaka mingi kila jema na kila baya lililotendwa juu yake.

Nywele hufungamanaje?

Kila unywele huota kutoka kwenye kinyweleo, yaani kifuko kidogo kilichomo ndani ya ngozi, na hujengwa na protini ngumu iitwayo keratini, ambayo ndiyo inayojenga kucha pia. Nje ya unywele kuna tabaka la magamba membamba yaliyopangana kama vigae vya paa, na magamba hayo yanapoinuka kidogo kwa sababu ya maji au msuguano, hunasana na magamba ya unywele wa jirani. Kwa watu wenye nywele za kipilipili, kinyweleo chenyewe kimepinda na unywele una umbo la ubapa badala ya mviringo kamili, hivyo hutoka ukiwa tayari umejikunja, na mikunjo hiyo hujifunga yenyewe hata bila kuguswa na mkono wa mtu. Nywele za singa nazo zinaweza kuwa dredi, lakini huhitaji muda mrefu zaidi na mara nyingi hulazimu kuchanwa kinyumenyume, kutoka nchani kuelekea shinani, ili zianze kushikana.

Jambo la pili linalojenga dredi ni nywele zinazokufa. Kichwa cha mtu mzima, ambacho kina nywele zipatazo 100,000, hupoteza kwa kawaida kati ya nywele 50 na 100 kila siku, na hasara hiyo haina madhara kwa kuwa kinyweleo huotesha unywele mwingine. Kwa mtu anayechana nywele zake, nywele hizo huondoka na chanuo, lakini kwa mwenye dredi nyingi hunaswa ndani ya fungu na kulinenepesha. Kwa hesabu ya chini ya nywele 50 kwa siku, miaka 5 huzalisha nywele zaidi ya 90,000 zilizoachana na ngozi, na ndiyo maana anayefumua dredi zake hushtuka kuona rundo kubwa la nywele mikononi mwake na kudhani amepata ugonjwa, kumbe anaona kwa mara moja kile ambacho wengine hukiona kidogo kidogo kila asubuhi.

Jambo la tatu ni mafuta ya asili yaitwayo sebamu, ambayo hutolewa na tezi zilizo pembeni mwa vinyweleo. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka kwa urahisi hadi nchani, bali kwenye unywele uliojikunja hukwama karibu na ngozi. Matokeo yake ni kwamba mwenye nywele za kipilipili anaweza kuwa na ngozi yenye mafuta na ncha zilizokauka kwa wakati mmoja, na hali hiyo mbili kwa moja ndiyo inayoongoza matunzo yote ya dredi: ngozi huhitaji kusafishwa, urefu wa nywele huhitaji unyevu, na kimoja hakipaswi kutendewa kana kwamba ni kingine.

Kutoka ibada na msituni hadi mijini

Desturi ya kufuga nywele zilizofungamana ni kongwe na haikuanzia katika jamii moja. Nchini India, masadhu, yaani watawa wa Kihindu walioacha mali za dunia, hufuga nywele ziitwazo jata kwa kumfuata mungu Shiva, ambaye huchorwa akiwa na nywele za namna hiyo. Nchini Senegali, Baye Fall, ambao ni tawi la tarika ya Murid linalomfuata Cheikh Ibra Fall, hujulikana kwa dredi ndefu na kwa kuifanya kazi kuwa sehemu ya ibada. Kaskazini mwa Namibia, wanawake wa Kihimba husokota nywele zao na kuzipaka otjize, mchanganyiko wa samli na udongo mwekundu. Afrika Mashariki nayo inawajua morani wa Kimasai, ambao husokota nywele ndefu katika nyuzi nyembamba na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, kisha hunyolewa na mama zao katika sherehe ya Eunoto, inayowatoa katika ujana wa uaskari na kuwaelekeza katika utu uzima.

Nchini Kenya, dredi ziliingia katika historia ya taifa kupitia vita vya Mau Mau. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, wapiganaji waliokimbilia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya waliishi huko kwa miaka bila chanuo wala kinyozi, na nywele zao zikawa alama ya kiapo na ya kukataa kutii. Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, alipigwa picha akiwa na nywele za namna hiyo, na picha zake zimebaki katika kumbukumbu za Wakenya hadi leo. Muthoni wa Kirima, mwanamke anayetambuliwa kuwa ndiye pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika jeshi hilo la msituni, aliendelea kufuga nywele zake kwa miongo mingi baada ya uhuru, akieleza kwamba alikuwa akisubiri kuona matunda ya uhuru uliopiganiwa. Nywele hizo zilikatwa na Mama Ngina Kenyatta huko Nyeri mwezi Aprili 2022, mwaka mmoja na miezi michache kabla ya Muthoni kufariki dunia Septemba 2023.

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, imani ya Rastafari ilianza Jamaika katika miaka ya 1930, baada ya Haile Selassie kutawazwa kuwa mfalme wa Ethiopia tarehe 2 Novemba 1930. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu chanzo cha dredi katika imani hiyo: wengine hurejelea nadhiri ya Mnadhiri iliyoelezwa katika kitabu cha Hesabu, inayokataza wembe kugusa kichwa, wengine hutaja picha za wapiganaji wa Mau Mau, na wengine huangalia mfano wa masadhu miongoni mwa Wahindi walioanza kupelekwa Jamaika kama vibarua mwaka 1845. Lililo wazi ni gharama waliyolipa. Mwezi Aprili 1963, baada ya vifo vilivyotokea katika ghasia za Coral Gardens karibu na Montego Bay, polisi waliwakamata Marasta wengi, wakawapiga na kuwakata nywele kwa nguvu, na ilichukua hadi Aprili 2017 kwa Waziri Mkuu Andrew Holness kuomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali. Muziki wa rege, na hasa umaarufu wa Bob Marley katika miaka ya 1970, ndio uliozirejesha dredi Afrika kama mtindo wa vijana wa mjini, zikiwa tayari zimebeba heshima na lawama kwa pamoja.

Kuanzisha dredi

Mtu anayeanza hana budi kuamua mambo mawili kabla ya kukaa kwenye kiti cha msusi, nayo ni ukubwa wa dredi na njia itakayotumika. Ukubwa hutegemea namna kichwa kinavyogawanywa, kwa sababu kila kipande cha ngozi kinachotengwa kwa mistari huzaa dredi moja. Kichwa chenye dredi za ukubwa wa kawaida huwa na mafungu kama 60 hadi 100, ilhali mtindo wa Sisterlocks, uliobuniwa na JoAnne Cornwell huko California katika miaka ya 1990 na unaopendwa sana Nairobi, huweza kuwa na mafungu zaidi ya 400 yaliyo membamba kama uzi mnene. Dredi nyembamba sana ni rahisi kutengenezwa kwa mitindo mbalimbali, lakini shina lake lina nywele chache za kubeba uzito, hivyo mtu mwenye nywele hafifu hushauriwa kuchagua mafungu makubwa kidogo na kuwa na subira ya kuyaona yakinenepa.

Njia ya kwanza na iliyozoeleka kwa nywele fupi ni kusokota kwa chanuo, ambapo msusi huweka meno ya chanuo karibu na ngozi na kulizungusha upande mmoja hadi mwisho wa unywele, na fungu hubaki limejiviringa. Njia ya pili ni kuanza na twisti za mafungu mawili, ambazo hustahimili maji vizuri zaidi na hivyo humfaa mtu anayetoka jasho jingi au anayeishi pwani. Njia ya tatu ni kufuma shina, yaani kupitisha ncha ya fungu ndani ya shina lake kwa sindano maalumu, na faida yake ni kwamba dredi haifumuki hata ikioshwa siku ya pili. Njia ya nne hutumia sindano ya kroshia kuvuta nywele zilizotawanyika na kuziingiza ndani ya fungu, na humpa mtu dredi zilizokaza siku hiyo hiyo, ingawa ikitumiwa mara kwa mara hukata nyuzi kwa ndani bila kuonekana. Njia ya tano ni kuacha nywele zijifunge zenyewe, ambapo kazi ya mhusika ni kuosha na kutenganisha mafungu kwa vidole ili yasiungane shinani.

Njia zote tano hufikisha mahali pamoja, kwa kuwa kinachojenga dredi ni muda wa nywele kukaa pamoja. Msusi hupanga tu mwanzo wake, na kwa sababu hiyo kuchagua mkono mwepesi na mwaminifu ni muhimu kuliko kuchagua njia yenye sifa. Nywele zilizowekwa dawa ya kunyoosha zinapaswa kwanza kuachwa ziote upya na sehemu yenye dawa ikatwe, kwa maana unywele ulionyooshwa kwa kemikali ni dhaifu na hukatika mahali unapokutana na ule wa asili.

Miezi ya subira

Kwa nywele za kipilipili, safari kutoka siku ya kwanza hadi dredi zilizokomaa huchukua kati ya miezi 6 na 18, na wakati mwingine hukaribia miaka 2. Katika miezi ya kwanza mafungu hubaki laini na hufumuka kwa urahisi yanapooshwa. Kisha huingia kipindi cha kuvimba, ambapo katikati ya fungu huonekana uvimbe mdogo kama kifundo, nywele nyingi husimama nje ya mstari, na urefu huonekana kupungua badala ya kuongezeka. Kupungua huko hakumaanishi kwamba nywele zimeacha kuota, kwa kuwa huendelea kurefuka kwa takriban sentimita 1 kila mwezi, ila urefu huo huliwa na kule kujikunja na kufungamana ndani ya fungu.

Watu wengi hukata tamaa au huharibu nywele zao katika kipindi hiki hiki cha kuvimba. Kwa kutaka kichwa kionekane nadhifu kama siku ya kwanza, mhusika hurudi saluni kila wiki, huongeza nta na jeli, na huzisokota nywele zikiwa bado zinatafuta mkao wake. Kinachofaa ni kinyume chake: kuosha kwa utaratibu, kutenganisha mafungu shinani, kufunga kitambaa au kilemba siku ambayo unadhifu unahitajika, na kuziacha nywele zifanye kazi yake. Dredi ikishakomaa huhisiwa imekaza kutoka shinani hadi nchani inapobanwa kwa vidole, haifumuki ndani ya maji, na hukauka ikibaki na umbo lake.

Kuosha na kukausha

Dhana kwamba dredi hazipaswi kuoshwa haina msingi wowote, na imewadhuru wenye dredi kwa afya na kwa sifa. Ngozi ya kichwa hutoa jasho, mafuta na chembe zilizokufa kila siku, na vitu hivyo vikijikusanya huleta muwasho, harufu na ukoko, na nywele chafu zenyewe hufungamana vibaya kwa kuwa mafuta huzifanya ziteleze badala ya kunasana. Kuosha mara moja kila wiki 1 au 2 huwatosha watu wengi, na wanaofanya mazoezi au kazi za juani wanaweza kuosha zaidi ya hapo. Shampuu inayofaa ni ile nyepesi inayoondoka yote kwa maji, nayo hupakwa kwenye ngozi kwa ncha za vidole, kisha povu huachwa literemke kwenye urefu wa dredi na kukamuliwa, bila kufikicha mafungu kwa nguvu.

Sabuni ya mche, ambayo wengi huitumia kwa sababu ya bei yake, haifai kwa kazi hii. Sabuni hiyo ina ukali wa kialkali unaoinua magamba ya unywele na kuukausha, na inapokutana na maji magumu, yaani maji yenye chumvichumvi za madini, huacha utando mweupe unaokwama ndani ya dredi. Tatizo hili ni kubwa kwa wakazi wa sehemu za Dar es Salaam na mwambao wanaotegemea maji ya visima yenye chumvi, na nafuu yake ni kumalizia kwa maji ya mvua au ya kununua yasiyo na chumvi, ama kusuuza mara chache kwa siki ya tufaha iliyozimuliwa vizuri, kwa mfano sehemu 1 ya siki kwa sehemu 4 au zaidi za maji. Anayeogelea baharini naye anapaswa kusuuza dredi zake kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara atokapo, kwa kuwa chumvi inayokauka ndani ya fungu hufyonza unyevu wake.

Kukausha kuna uzito sawa na kuosha. Dredi hunyonya maji mengi na huyaachia polepole, na fungu nene linalobaki na unyevu kwa muda mrefu linaweza kuota ukungu katikati, ambao huleta harufu ya uvundo isiyoondoka kwa manukato wala mafuta. Kwa sababu hiyo inafaa kuosha asubuhi, kukamua fungu moja moja kwa fulana safi ya pamba, kisha kuziacha nywele wazi kwenye upepo au jua hadi zikauke kwa ndani, na wakati wa masika au baridi ya nyanda za juu kutumia mashine ya kukaushia kwa joto la chini. Kulala na dredi mbichi, kuzifunga zikiwa na maji au kuzifunika kwa kofia ngumu ya bodaboda kabla hazijakauka ni mazoea yanayopaswa kuachwa kabisa.

Kinachopakwa na kisichopakwa

Nta ya nyuki ni kosa lililoenea kuliko yote. Hupendwa kwa sababu hushikilia nywele na kuzing'arisha siku ile ile, lakini haiyeyuki katika maji, hivyo hubaki ndani ya fungu, hukusanya vumbi na nyuzi za nguo, na baada ya miezi huacha madoa ya kijivu ambayo wakati mwingine hayatoki ila kwa kukata. Mafuta mazito ya mgando yenye petroliamu nayo huangukia katika kundi hilo. Badala yake, ute wa mshubiri hutosha kushikilia shina wakati wa kusokota na huondoka kwa maji, na matone machache ya mafuta ya nazi, ubuyu au nyonyo, yakipakwa juu ya nywele zenye unyevu kidogo, huzuia unyevu huo usipotee. Maji ndiyo yanayolainisha unywele, na kazi ya mafuta ni kuyafungia ndani, hivyo mafuta yanayopakwa juu ya nywele zilizokauka kabisa hung'arisha tu nje huku ukavu ukiendelea.

Shuka, taulo na sweta huacha nyuzi ndogo ambazo dredi huzifuma ndani yake, na nyuzi hizo zikizoea kukaa haziondoki tena kwa kuosha. Kitambaa au kofia ya satini wakati wa kulala hupunguza tatizo hilo, na pia hupunguza msuguano na upotevu wa unyevu unaosababishwa na mito ya pamba. Kwa anayetaka rangi, hina hukaa juu ya unywele bila kuudhoofisha, lakini dawa za kupausha huvunja keratini na ni vigumu kuzisuuza zikaisha ndani ya fungu, na piko na rangi nyeusi nyingi za dukani huwa na kemikali iitwayo PPD inayoweza kuleta mzio mkali, hivyo hujaribiwa kwanza kwenye kipande kidogo cha ngozi na kusubiriwa kwa siku 2.

Kulinda shina

Kuritachi, kama wasusi wanavyoita kazi ya kusokota upya nywele zilizoota shinani, kunapendeza na kunahitajika, lakini ndiko kunakoleta madhara yasiyorekebishika. Shina linaposokotwa kwa nguvu na mara kwa mara, kinyweleo huvutwa, huvimba na hatimaye huacha kuotesha unywele, hali ambayo madaktari wa ngozi huieleza kuwa ni upara unaotokana na kuvutwa. Hali hii ilielezwa kitaalamu tangu 1907 kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzikaza sana, jambo linaloonyesha kwamba chanzo chake ni mvuto wenyewe, wala si aina ya nywele au asili ya mtu. Dalili zake za mwanzo ni maumivu baada ya kutoka saluni, vipele vidogo kwenye mashina, na kupungua kwa nywele za kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio. Katika hatua hiyo nywele hurudi iwapo mvuto utaondolewa, lakini ngozi ikishafanya kovu na kung'aa, kinyweleo kimekufa na hakuna mafuta yatakayokifufua.

Kwa hiyo ni busara kuacha wiki 4 hadi 6 kati ya kuritachi moja na nyingine, kuacha muda mrefu zaidi kwa dredi za kufumwa shina, na kumwambia msusi wazi alegeze mkono pale maumivu yanapoanza, kwa kuwa usemi kwamba urembo huambatana na maumivu umewagharimu wengi nywele za mbele. Dredi ndefu zisifungwe juu kwa kukazwa kila siku, hasa zikiwa zimelowa na kuwa nzito, na mstari wa kuzigawia ubadilishwe ili uzito usibebwe na mashina yale yale. Mwanamke aliyejifungua anapaswa kujua kwamba nywele nyingi hudondoka miezi 2 hadi 4 baada ya uzazi na kwamba dredi zinaweza kuonekana nyembamba shinani kwa muda. Wakati huo si wa kusokota kwa nguvu ili kuficha pengo, ni wa kuzipumzisha, na kama shina limebaki na nyuzi chache sana, dredi mbili za jirani zinaweza kuunganishwa zikabebana.

Maradhi ya ngozi nayo yatibiwe kwa dawa stahiki kabla ya kufunikwa kwa mafuta. Mba hutokana kwa sehemu kubwa na fangasi wanaoishi kwenye ngozi na kula mafuta yake, hivyo kuongeza mafuta juu ya mba ni kuwalisha, wakati shampuu zenye ketokonazoli au zinki hupunguza idadi yao zikiachwa kichwani kwa dakika chache kabla ya kusuuzwa. Mapunye, ambayo huwapata zaidi watoto, huhitaji vidonge vya daktari kwa wiki kadhaa, kwa sababu fangasi wake wameingia ndani ya unywele wenyewe ambako mafuta ya kupaka hayafiki. Kwa kuwa mapunye huweza kuambukizwa kwa vifaa, mteja ana haki ya kuuliza kama machanuo na sindano za kroshia zimesafishwa kwa dawa kabla ya kuguswa kichwa chake.

Dredi mbele ya sheria

Mahakama za Afrika zimelazimika mara kadhaa kuamua iwapo nywele za mtu zinatosha kumnyima nafasi. Nchini Afrika Kusini, Mahakama ya Rufaa ya juu iliamua mwaka 2013 kwamba maofisa wa magereza waliofukuzwa kwa kukataa kukata dredi walizofuga kwa sababu za dini na utamaduni walikuwa wamebaguliwa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua tarehe 13 Septemba 2019 kwamba Rastafari ni dini inayolindwa na katiba, na kwamba mwanafunzi aliyezuiwa kuingia sekondari jijini Nairobi kwa sababu ya dredi zake aruhusiwe kusoma. Uamuzi unaofanana na huo ulitolewa na Mahakama Kuu ya Ghana mwezi Mei 2021, na ya Malawi mwezi Mei 2023 kuhusu watoto wa Kirasta katika shule za umma.

Maamuzi hayo yamewalinda zaidi wale wanaofuga dredi kwa imani, na yamewaacha wengi wanaozifuga kwa kupenda tu wakitegemea hiari ya mwajiri au mkuu wa shule. Hoja inayotolewa dhidi yao kwa kawaida ni usafi na unadhifu, na hoja hiyo ingestahili kusikilizwa kama dredi kwa asili yake zingekuwa chafu. Yaliyoelezwa hapa yanaonyesha vinginevyo: dredi huoshwa, hukaushwa, hufungwa na hukaguliwa, na usafi wake unaweza kupimwa kwa jicho na kwa pua kama unavyopimwa usafi wa nywele fupi au za kusukwa. Kanuni ya haki mahali pa kazi au shuleni ni ile inayotaka nywele ziwe safi, zimefungwa pale usalama unapodai, kama jikoni, kiwandani au maabara, na inayomdai kila mtu jambo hilo hilo bila kuuliza nywele zake zimefungamana au zimechanwa.

Kwa anayetaka kuzifuga, wajibu ni mwepesi kuliko inavyodhaniwa, ila haukubali haraka: kuosha kwa wakati, kukausha kabisa, kupaka kidogo, na kuliacha shina lipumue. Anayeshika mambo hayo manne hatahitaji bidhaa za gharama wala ziara za kila wiki kwa msusi, na siku atakayoamua kubadili mtindo atakuwa bado na ngozi nzima na vinyweleo hai vya kuanzia upya. Na kwa anayezitazama kichwani mwa mwenzake, inatosha kujua kwamba dredi zinazopendeza zimechukua miaka ya uangalizi, ili aache kumhukumu mwenye nazo kabla ya kumjua.